Tausi wa Sagana na Picha Iliyofutwa

Wiki hii hatukuandika juu ya twahara wala mirathi. Tumeandika juu ya safari, na juu ya ndege, na juu ya jambo ambalo tulilikataa nyumbani kwetu kwa muda wa mwaka mzima.

Binti yetu wa pili ana miaka 22. Mwaka jana alitujia baada ya sala ya Isha, akaketi chini mkekani kama anavyoketi akiwa na haja, akasema: "Baba, naomba idhini yako. Nataka kuwa mpiga picha wa harusi za wanawake." Akatueleza kuwa mama zetu wa Mombasa wanapofanya kupamba, hulazimika ama kukosa kumbukumbu ya siku ile, ama kumwingiza mwanamume ukumbini. Akasema kazi hii ni ya mwanamke, na mwanamke Muislamu ndiye ayaijuaye mipaka yake.

Hoja ilikuwa nzuri, lakini tulikataa. Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumeitwa kusuluhisha nyumba moja. Picha ya bibi harusi, nywele wazi na mabega wazi, ilikuwa imetoka katika simu ya mtu aliyekuwamo ukumbini, ikazunguka mji kutoka mkono hadi mkono. Bwana harusi alitaka kutoa talaka kabla fungate haijaisha. Tulikaa na wazee wa pande mbili mpaka usiku wa manane ndipo Mungu akaleta suluhu. Mtu akishayaona machozi ya mama wa bibi harusi usiku kama ule, kamera huiona kama kisu. Basi tulimwambia binti yetu: "Mwanangu, mlango huu tuufunge." Naye hakubisha. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kulituuma kuliko ubishi.

Likizo ya Aprili ilipofika, shemeji yetu anayefanya biashara ya mchele Sagana alitualika. Tulipanda treni alfajiri kutoka stesheni ya Miritini, sisi, mama watoto, binti yetu na wadogo zake wawili, tukashuka Syokimau, kisha tukachukua matatu kuelekea bara ya juu. Njia hupita Thika, Kenol na Makuyu mpaka Makutano, ambapo wachuuzi hupanga magunia ya pishori ya Mwea kando ya barabara, na harufu yake humkumbusha mtu wa Pwani biriani ya Ijumaa. Mbele kidogo ya hapo ndipo Sagana, kiasi cha kilomita 100 kutoka Nairobi.

Wengi wetu tumelisikia jina hili kwa ajili ya ile nyumba ya serikali iitwayo Sagana, ambayo binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alipewa kuwa zawadi ya harusi yake, na ambamo mwezi Februari 1952 alipewa habari kuwa babake amefariki na yeye sasa ni malkia. Nyumba ile iko Nyeri, upande wa Kiganjo. Mji wa Sagana wenyewe uko chini zaidi, katika Kirinyaga, nao ni mji wa njia panda: reli iendayo Nanyuki, malori, maduka ya vifaa vya shamba, na wauzaji wa samaki wa kukaanga, kwa kuwa hapa pana kituo cha serikali cha utafiti wa ufugaji wa samaki.

Kinachoupa mji huu uhai ni mto. Mto Sagana huteremka kutoka milimani, nao ndio mwanzo wa Mto Tana. Maji tuliyoyaona yakipita chini ya daraja, mekundu kwa mvua ya masika, huenda Masinga na mabwawa yanayofuata, yakazungusha mitambo ya umeme, yakapita Garissa, Hola na Garsen, kisha yakamwagika baharini Kipini. Marehemu bibi yetu mzaa mama alizaliwa Kipini. Alikuwa akituambia kuwa mto ukifurika, bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Tulisimama darajani tukawaambia watoto: "Udongo huu mnaouona ndio ule bibi yenu mkuu alioufua katika kanga zake." Walicheka, lakini walitazama maji kwa muda mrefu.

Jambo jingine lilitufurahisha. Mombasa yetu iko karibu kusini kabisa mwa Makka, hivyo kibla chetu ni kaskazini. Sagana kibla husogea kidogo tu kuelekea mashariki, na upande huo huo, karibu sana na mstari wa kibla, ndipo uliposimama Mlima Kenya. Alfajiri ya pili mawingu yalifunguka kwa muda mfupi. Tulipotoa salamu ya mwisho na kuinuka, tukauona mlima mbele yetu na theluji yake, kabla jua halijachomoza. Hatukusema neno.

Shemeji ndiye aliyetuambia habari za tausi. Kando ya mto, mwendo wa dakika 20 kutoka kwake, pana nyumba ya wageni yenye bustani kubwa, na mwenyewe anafuga tausi watano: madume wawili na majike watatu. Binti yetu alikuwa amekuja na kamera ya kuazima kwa rafiki yake. Hakutuficha. Alituambia kabla ya safari kuwa anataka kujifunza kwa kupiga picha ndege na miti, na kwamba katika hilo hapana mwanamke wa mtu. Tulimruhusu. Akataka kumpiga picha tausi akiwa katika mwendo wake: akitanua, akizunguka, akitikisa manyoya. Basi kila asubuhi baada ya kifungua kinywa tulimsindikiza.

Tausi si mgeni katika lugha yetu wala katika dini yetu. Jina lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika mashairi yetu mwanamke mzuri huitwa tausi tangu zamani. Miongoni mwa Tabiina alikuwapo Tawus bin Kaysan wa Yemen, mwanafunzi wa Ibn Abbas (R.A.), aliyefariki Makka mwaka 106 wa Hijria, na jina hilo la ndege ndilo analojulikana kwalo mpaka leo. Baadhi ya wafasiri wamesema kuwa tausi alikuwa mmoja wa wale ndege wanne ambao Nabii Ibrahim (A.S.) aliamrishwa awachukue. Mwanetu mdogo aliuliza swali alilolingoja tangu Makutano: "Baba, analiwa?" Tukamjibu kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba tausi haliwi. Alisikitika kidogo.

Asili ya ndege huyu wa bustani ni Bara Hindi, na India ilimfanya ndege wake wa taifa mwaka 1963. Lakini Afrika nayo ina tausi wake. Katika misitu ya Kongo yumo tausi mwenye mkia mfupi, ambaye wataalamu wa dunia hawakumtambua mpaka mwaka 1936. Bwana James Chapin alikuwa ameuona unyoya wake mmoja katika kofia ya mwenyeji mwaka 1913, akauhifadhi miaka zaidi ya 20 bila kujua ni wa ndege gani. Watu wa msitu walimjua siku zote.

Siku ya kwanza mvua ilinyesha. Tausi walikaa juu ya paa la banda, mikia imening'inia kama nguo zilizoloa kambani. Hapakuwa na picha. Mtunza bustani, mzee mpole wa huko huko, alituletea viti barazani akasema: "Mzee, huyu ndege hapangiwi. Akitaka atafungua, asipotaka mtarudi kesho." Katika kungoja kule, binti yetu alitusomesha alichokisoma. Ule tunaouita mkia si mkia. Ni manyoya ya mgongoni, yapatayo 150 na zaidi, yanayofunika mkia wenyewe, ambao ni mfupi, wa rangi ya kahawia, na ndio unaoyabeba yanaposimama. Rangi ile ya buluu na kijani nayo si rangi ya kupakwa. Ndani ya unyoya pana rangi nyeusi ya kahawia tu, iliyopangwa kwa vijiti vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na nuru inapovigonga hurudi ikiwa buluu, kijani au dhahabu. Ukiusaga unyoya ule, uzuri wote hupotea. Kila mwaka, baada ya msimu wa kutaga, dume hupukutisha manyoya yale yote, kisha huota mapya.

Tulimsikiliza, na tukajiuliza ni lini binti huyu amekuwa mwalimu wetu.

Siku ya pili jua lilitoka. Kiasi cha saa mbili na nusu asubuhi dume mkubwa alishuka, akatembea mpaka penye majike, akainua manyoya yake yote. Wasomaji wetu, tumeishi zaidi ya miaka 50 na tumewaona tausi katika picha na katika khanga. Hatukuwahi kusikia sauti yake. Anapotanua, hutikisa manyoya yale kwa kasi, kiasi cha mara 25 kwa sekunde moja, na sauti yake ni kama mvua ya rasharasha juu ya makuti. Na katika mtikisiko ule wote, yale madoa yaliyo mfano wa macho hubaki yametulia, kana kwamba yameshonwa hewani. Binti yetu alikuwa amepiga magoti kwenye majani yenye umande, buibui limelowa, bila kusogea. Baadaye alitueleza kuwa ukitaka unyoya usimame katika picha, kamera ifungue na kufunga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukitaka mtikisiko uonekane, uipunguze kasi, nayo macho yatabaki makali katikati ya ukungu. Na jua liwe ubavuni, si usoni mwa ndege, ndipo rangi zinapofunguka.

Wakati huo liliingia kundi la wageni waliokuja kula samaki. Vijana wao walimwona ndege, wakamkimbilia na simu zao. Mmoja akasema apewe njia amtishe ili afungue tena, kwani alikuwa amekwisha kufunga. Mwingine akamkanyaga mkia. Tausi alilia kwa ile sauti yake kali, akarukia juu ya mti. Tuliikumbuka ile wasia ya Luqman kwa mwanawe, juu ya mwendo wa maringo na juu ya sauti. Ndege huyu amepewa mwendo wa sultani na sauti ya kilio, na hakuchagua kimojawapo. Kijana aliyemkanyaga alichagua.

Mtunza bustani alimwambia binti yetu kwamba angeweza kumwekea ndege kioo, kwa kuwa akijiona hudhani ni mwenzake, akajitanua. Alishukuru kwa adabu, akakataa. "Nitangoja, mzee wangu. Nikimdanganya, itakuwa picha ya kioo."

Jioni ile tulimwomba atuonyeshe picha za asubuhi. Zilikuwa nyingi: mguu umeinuliwa, kishungi kimesimama, jike akigeuka na kuondoka kana kwamba hakuona kitu. Lakini ile tuliyoingoja, ya ndege ametanua wote, hatukuiona. Tukauliza.

"Nimeifuta, Baba."

"Iliharibika?"

"La. Ilikuwa nzuri kuliko zote." Akanyamaza, kisha akasema: "Nyuma yake, barazani, palikuwa na mama ananyonyesha. Mtandio ulikuwa umemwanguka. Hakujua kuwa niko pale."

Tukamwambia, nasi tunakiri kuwa tulisema hivi, kwamba picha huweza kukatwa pembeni, ikabaki ya ndege peke yake. Akatujibu kwa sauti ya chini: "Nikiikata, ile ya asili inabaki kwenye kadi, Baba. Na kamera si yangu. Nitairudisha kwa mwenyewe."

Hatukupata la kusema. Mama watoto alitutazama, nasi tukatazama chini.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulilelewa katika madrasa ambayo picha ilikuwa haramu ya moja kwa moja, na ukutani kwetu hapakutundikwa sura ya mtu. Hadithi za kuwaonya wenye kutengeneza sura ni sahihi na ni nzito, wala hatuzifanyii mzaha. Lakini tulisoma pia kuwa wanazuoni walikhitalifiana juu ya picha ya kamera ilipokuja. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliandika risala kuihalalisha, akiona kuwa ni kukizuia kivuli alichokiumba Mungu, mfano wa sura iliyomo katika kioo. Wengine walimpinga, na wapo wanaompinga mpaka leo. Nao Waislamu si wageni katika elimu hii: Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo kiasi cha mwaka 1040, alieleza jinsi nuru inavyopita katika tundu dogo ndani ya chumba chenye giza na kuchora umbo upande wa pili. Kamera yoyote ni chumba kile kile kilichofanywa kidogo.

Lakini tulipojihesabu nafsi usiku ule, tuliona kuwa hatukumkataza binti yetu kwa sababu ya khitilafu ya wanazuoni. Kitambulisho chetu kina picha, na pasipoti yetu ya Hija ina picha. Tulimkataza kwa hofu. Mtu mmoja asiye na amana aliitoa picha ya bibi harusi, nasi tukamwadhibu kwa hilo binti ambaye, bila kuonwa na yeyote ila Mola wake, ameifuta picha yake bora kwa kumsitiri mwanamke asiyemjua, asiye wa dini yake wala wa mji wake. Hata sisi, tunaokaa mimbarini tukiwahimiza watu wasitiriane, tulikuwa tayari kutosheka na kuikata.

Siku ya tatu tulirudi. Mama yule hakuwapo, wala wageni hawakuwapo. Tausi alifungua mara mbili. Picha binti yetu aliyoichagua si ile ya mbele iliyozoeleka. Alimpiga kwa nyuma, akiwa ameufungua ule mkia mdogo wa kahawia, wenye manyoya meupe ya chini kama pamba, ukiwa umeyasimamisha yale marembo yote. Tulimwuliza kwa nini hiyo. Akasema: "Kila mtu anaiona mbele, Baba. Hii ndiyo inayobeba." Tumeitazama mara nyingi tangu siku hiyo, na kila tukiitazama tunawakumbuka mama zetu wanaopika usiku kucha ili wengine wapambwe.

Katika treni ya kurudi tulimwita akae karibu yetu, tukampa idhini. Lakini idhini ya baba huja na masharti, nasi tunayaandika hapa kwa sababu mama wengi wataulizwa swali hili na mabinti zao, na wengine wataajiri mpiga picha kabla ya Shawwal kwisha. Kwanza, makubaliano yaandikwe: picha ni mali ya bibi harusi, na mpiga picha habaki na nakala baada ya kuzikabidhi. Pili, simu za wageni wote ziachwe mlangoni, kwani mpiga picha mwaminifu hafai kitu katika ukumbi wenye simu mia. Tatu, mwanamke yeyote asiyetaka kupigwa aseme, na neno lake lisihojiwe. Nne, picha isipelekwe kwa mtandao hata kwa bibi harusi mwenyewe. Akabidhiwe mkononi. Sharti la tano aliliongeza mwenyewe: kabla ya kutoka ukumbini akae na mama wa bibi harusi, wazitazame picha zote pamoja, na kila isiyofaa ifutwe hapo hapo mbele ya macho yake.

Kamera ni ghali. Nusu ya thamani yake anayo katika akiba yake, na nusu tumeahidi kuitafuta, Inshallah, baada ya mavuno ya nazi.

Nao watakaojaliwa kufika Sagana, waende asubuhi mapema, wavae viatu visivyoogopa umande, waketi chini na wanyamaze. Ndege wasikimbizwe. Na wakishapiga picha yao, waangalie vizuri nyuma ya ndege, waone ni nani mwingine aliyeingia.

Wabillahi tawfiq.